Sabufa na spika ndogo: anzia Hz 80

Ndugu, umeuliza ukate sauti wapi kati ya spika zako za inchi 5 na sabufa (spika ya besi), yaani besi ianzie wapi kushuka kwenda kwenye sabufa. Anza na Hz 80 (mitetemo 80 kwa sekunde). Ukipanda sana juu ya hapo, sikio linatambua besi inatokea kona gani, na raha inaisha. Muhimu zaidi, hakikisha amplifaya inazichujia spika ndogo ile besi nzito, isiishie kuipeleka kwenye sabufa tu. Zikitolewa mzigo huo, koni zake (sehemu inayotetemeka kutoa sauti) hazihangaiki na sauti ya mwimbaji inatoka safi kabisa! Kisha jaribu swichi ya fezi ya sabufa (inayogeuza mwelekeo wa mtetemo wake ili uendane na wa spika ndogo) ukiwa umekaa mahali pako pa kusikilizia. Iache pale besi inapojaa zaidi. Wati 50 kwa spika za omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) zinatosha chumba cha kawaida, mradi sabufa ina amplifaya yake ndani.