Hoteli ya jirani si upuuzi

Dada yangu wa Ntinda, umeuliza kama ni upuuzi wewe na mzee kulala hotelini Kampala hii hii wikendi moja, wakati kitanda chenu kipo kilomita chache tu. Si upuuzi hata kidogo. Nauli ya kwenda Jinja au Fort Portal, na foleni ya kutoka mjini Ijumaa jioni, vyote mnaviokoa.

Kazi ipo kwenye kuchagua mahali. Kabalagala msiende, labda kama mnataka muziki hadi alfajiri. Kololo na Nakasero kumetulia, na mkitaka kuliona ziwa, Munyonyo. Piga simu mwenyewe, usitegemee bei ya mtandaoni. Hoteli nyingi za mjini huishi kwa wageni wa mikutano, na hao Ijumaa hufunga mabegi, kwa hiyo uliza bila aibu kama kuna bei ya wikendi. Uliza pia kama VAT ya asilimia 18 imo ndani, na kama kifungua kinywa ni cha watu wawili. Halafu omba chumba cha upande wa nyuma, mbali na jenereta na boda za barabarani.

Watoto wapelekeni kwa shangazi yao, na dobi asubiri Jumatatu. Jumamosi mchana mnaweza kutembelea Jumba la Makumbusho pale Kamwokya. Wenyeji tunalipita kila siku bila kuingia. Na shemeji aache kompyuta ya ofisi nyumbani, huyo namjua.