Alizinduka hanijui, ubongo wake umeumia?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu wa miaka 3 katolewa tonsili, alipozinduka akawa anapiga kelele, anarusha mateke, anataka kung'oa dripu, namwita wala haniangalii. Baadaye akalala, kuamka yuko sawa. Ubongo wake umeumia?

JIBU: Marahaba mama, pole sana, najua ulivyoumia. Hapana, ubongo haujaumia. Hiyo ni hali ya kuchanganyikiwa wakati dawa ya usingizi inaisha, huwapata zaidi watoto wa miaka 2 mpaka 5, hasa waliopewa ile ya kuvuta kama sevoflureni, na oparesheni za koo na masikio zinaongoza. Macho yako wazi ila bado hajaamka sawasawa, ndo maana hakukujua, na mara nyingi ndani ya nusu saa imeisha na mtoto hakumbuki kitu (wewe ndo unabaki nayo moyoni). Ila maumivu nayo humfanya mtoto alie hivyo, kwahiyo lazima yaangaliwe, pamoja na oksijeni na sukari. Akifanyiwa oparesheni tena mwambie mapema daktari wa usingizi, anaweza kutumia propofoli (dawa ya usingizi ya kuchoma kwenye mshipa) badala ya ile ya kuvuta.