Miguu ya wazee: mliyouliza

Mama ana miaka 71. Hainuki kitini bila kujisukuma kwa mikono. Si ndiyo uzee?

Uzee upo, lakini usiubebeshe lawama zote. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na baada ya 60 kasi huzidi. Ikikosa kazi huisha haraka zaidi. Mpime: akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara 5 mfululizo. Zikipita sekunde 15, nguvu zimeshuka. Dawa ni kiti hichohicho, kikiwa kimeegemezwa ukutani, nawe ukiwa karibu: mara 8, apumzike, arudie, siku 2 au 3 kwa wiki. Mwanzoni ajishike akihitaji.

Kila alfajiri naenda msikitini kwa miguu. Haitoshi?

Kwa moyo ni jambo zuri, mzee wangu, usiache. Ila mapaja yanataka mzigo. Panda ngazi, beba vidumu vya maji, na usibane pumzi unaponyanyua.

Nina miaka 86. Nimechelewa?

Hujachelewa. Mwaka 1990, huko Boston, yalichapishwa matokeo ya wazee 10 wa miaka 86 hadi 96, dhaifu, waishio katika nyumba ya kulelea wazee. Walinyanyua vyuma kwa miguu kwa wiki 8. Mmoja aliacha njiani. Waliobaki nguvu zao kwa wastani ziliongezeka zaidi ya maradufu. Wewe ndiye mdogo wao.

Bibi hula chai na mkate tu, asubuhi na jioni. Nimnunulie unga wa protini?

Hela hiyo kanunulie dagaa. Kwa siku, mzee anahitaji angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake. Bibi wa kilo 55 hafikishi kwa mkate. Yai moja lina gramu 6 hivi. Ongeza maharage, choroko, maziwa. Meno yakiwa yamekwisha, dagaa wasagwe waingie kwenye mchuzi. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.

Baba katoka hospitali. Tumemkataza kugusa chochote apumzike.

Hapa ndipo ninapogombana na watoto wema. Siku 10 tu za kulala kitandani zaweza kumpunguzia mzee karibu kilo nzima ya misuli ya miguu, hata asiyeumwa. Kama daktari amemruhusu kuinuka, basi aende chooni kwa miguu yake, mkimshika mkono. Na mchicha wake nyuma ya nyumba, mwacheni aumwagilie mwenyewe.