Mabondo ya sangara na ubongo wa kompyuta

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninakausha na kuuza mabondo ya sangara, yaani vibofu vya hewa vya samaki huyo, hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kuna dalali anapita meza kwa meza akisema wataalamu wa nje wamegundua kuwa mabondo yanatengeneza ubongo wa kompyuta, na bei itapanda mara kumi. Anataka kila mmoja atoe shilingi laki tano tufungue ghala la kuhifadhi mzigo. Wenzangu wawili wameshatoa. Kuna ukweli hapo, au tunaibiwa?
Mama wa mabondo, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Laki tano yako usiitoe. Sayansi aliyoisikia huyo dalali ipo, tena inanifurahisha sana. Biashara anayoijenga juu yake ndiyo haipo.

Mwaka 2018 watafiti wa Korea Kusini walichapisha kazi yao kuhusu kolajeni ya samaki. Hiyo ni protini ambayo bondo lako limejaa. Waliifanya utando mwembamba, ukakaa kati ya elektrodi mbili, yaani vipande viwili vya kupitishia umeme. Kifaa cha namna hiyo huitwa memrista: ukikipitishia umeme, ukinzani wake, yaani jinsi kinavyouzuia umeme, hubadilika, na ukizima hubaki palepale ulipofikia. Mtaalamu wa umeme Leon Chua alikifikia kwa hesabu tupu mwaka 1971, na mwaka 2008 maabara ya kampuni ya kompyuta ya Hewlett-Packard ikatangaza kuwa imekipata. Katika vingi vya vifaa hivi, chembe za metali hupenya ndani ya utando na kujipanga uzi mwembamba. Kila umeme unapopita, uzi unanenepa na njia inakuwa rahisi zaidi. Sinapsi, yaani kiungo kati ya seli mbili za ubongo, nayo huimarika kwa kutumiwa. Kompyuta ya kawaida huweka kumbukumbu mahali pamoja na kukokotoa mahali pengine, na umeme mwingi unaishia katika kuhamisha data huku na huko. Ubongo wako unafanya yote mawili kwa takriban wati 20 tu, na ndiyo maana wanataka memrista ziuige.

Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Washington State kule Marekani kilitengeneza memrista kwa asali iliyokaushwa, na kifaa kikawaka ndani ya nanosekunde 100, yaani sehemu ndogo mno ya sekunde. Asali huyeyuka katika maji. Hapo ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu nimeona simu mbovu na redio zikichomwa majalalani, na mvua ikinyesha Mto Mirongo unakokota uchafu wa mji mpaka ziwani. Metali za kifaa hazitaoza, hilo tukubaliane, lakini kupunguza plastiki na sumu ni jambo kubwa kwetu tunaokunywa maji ya ziwa hili.

Sasa chukua kalamu. Tuseme utando una unene wa nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kolajeni safi kavu ina uzito wa kama gramu 1.3 kwa sentimita ya ujazo, hivyo gramu moja itafunika zaidi ya mita 7 za mraba. Kilo moja itafunika zaidi ya mita 7,000 za mraba. Yaani kilo moja, mwanangu, inatosha kupaka uwanja mzima wa mpira pale CCM Kirumba, goli hadi goli, na chipu yenyewe ni ndogo kuliko ukucha! Nani atanunua tani za mabondo kwa kazi hiyo? Tena wanataka kolajeni iliyosafishwa maabara, na bado wanahangaika na unyevu, maana utando wa protini ukinyonya maji, tabia yake hubadilika.

Mabondo yako yana soko China, wanakoyala. Endelea kuyakausha vizuri, uza kwa bei ya leo, usirundike mzigo kwa ajili ya kompyuta.

Huyo dalali mwombeni mkataba wa mnunuzi, wenye jina na anwani, mbele ya viongozi wa soko. Wenzako wawili wadai fedha zao wiki hii, waende pamoja, na akikataa waende polisi na ujumbe wa simu walioutumia kumlipa.