Kambi ya Ludington: ziwa la kutazama na ziwa la kuogelea

SWALI: Sisi ni familia ya watu watano, tunaishi Grand Rapids, Michigan. Watoto wana miaka 12, 8 na 5. Tunataka kupiga kambi kwa mara ya kwanza Ludington State Park, hifadhi ya jimbo iliyo kando ya Ziwa Michigan, lakini kila wikendi ya Julai naambiwa imejaa. Mume wangu anafanya kazi kwa zamu na likizo yake bado haijapangwa. Je, twende tu tukabahatishe? Hema la watu watano litatutosha? Jiko letu la mkaa linaruhusiwa? Shemeji naye anataka kuja na watoto wake, tubanane kiwanja kimoja cha kupigia hema. Mwisho, mimi naliogopa Ziwa Michigan, ila mume wangu anasema amekulia Uvira na maji hayamtishi. — Mama wa watatu

JIBU: Dada, nitaanza na hilo la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote, hata kiwanja cha kuchukua.

Ludington imekaa katikati ya maziwa mawili. Magharibi ni Ziwa Michigan, mashariki ni Hamlin, na mto mfupi uitwao Big Sable unatoa maji Hamlin kuyapeleka Michigan. Hamlin limetokana na bwawa lililojengwa enzi za wakata magogo. Halina kina kikubwa, hivyo maji yake hupata joto mapema, na mawimbi yake ni madogo. Wageni wengi hupita moja kwa moja hadi ufuko wa Michigan kwa sababu ndio wenye picha nzuri. Kwa mtoto wa miaka mitano, mimi ningepanga kinyume: kuogelea Hamlin, kutazama jua likizama Michigan.

Shemeji zangu wa Uvira wasinielewe vibaya. Kuogelea wanajua. Lakini kwenye Ziwa Tanganyika, lililo kando ya Uvira, maji ya juu huwa na joto la nyuzi 25 hivi za Selsiasi mwaka mzima, na Michigan si hivyo. Hata mwezi wa nane, upepo wa kaskazini ukivuma siku moja au mbili, maji ya juu yenye joto husukumwa mbali na ufuko wa upande huu, na ya chini yenye baridi yanapanda kuchukua nafasi yake. Leo mnaogelea raha mustarehe, kesho kutwa maji yameshuka zaidi ya nyuzi kumi na jua bado linawaka vilevile. Mtu akijitosa kwenye baridi ya namna hiyo, pumzi humkata kabla mikono haijaanza kazi, na hapo ujuzi wa kuogelea haumsaidii sana.

Mawimbi nayo yana tabia yake. Ziwa hili halina mawimbi marefu ya bahari yanayokupa nafasi ya kuvuta pumzi. Yanakuja mafupi, moja nyuma ya jingine, kila baada ya sekunde chache. Maji yanayorudi ziwani hutafuta njia yao, na hapo ndipo mkondo wa kuvuta watu unapozaliwa, hasa karibu na gati na kuta za zege. Ukimnasa mtu, asishindane nao kurudi ufukweni. Alale chali, aelee, atulie, kisha aogelee sambamba na ufuko mpaka atoke kwenye mkondo. Mfundisheni huyo wa miaka 12 nyumbani, kabla ya safari. Msitegemee waokoaji, kwa sababu fuo za hifadhi za jimbo hazina. Kuna bendera tu: kijani, njano na nyekundu, na zikiwa nyekundu mbili hairuhusiwi kuingia majini kabisa, ni amri yenye faini. Siku yenye upepo wa mashariki nayo inadanganya, kwa sababu ufuko unakuwa shwari kama sinia, lakini boya la kupuliza lenye mtoto juu yake linasogea taratibu kuelekea Wisconsin. Maboya hayo yaacheni nyumbani, nunueni jaketi za kuokolea zinazowakaa watoto sawasawa. Ukiinua jaketi mabegani na kidevu cha mtoto kikazama ndani, hiyo ni kubwa mno.

Sasa kiwanja. Kambi ya Beechwood iko upande wa Hamlin, Pines iko karibu na Michigan na ndipo inapoanzia njia ya kwenda mnara wa taa wa Big Sable Point, kama kilomita 3 kwenda, mchanga mtupu na jua la utosi. Mnara huo uliwashwa mara ya kwanza mwaka 1867 na inafaa watoto wauone, lakini nendeni asubuhi na maji ya kutosha, na huyo mdogo jueni atarudi mgongoni. Cedar iko katikati. Kwenu ninyi, Beechwood.

Kuhusu kubahatisha: hapana. Nafasi hufunguliwa miezi 6 kabla ya siku ya kuwasili, saa mbili asubuhi, na kwa Ludington viwanja vya Julai huisha haraka mno. Kuna jambo wengi hawalijui. Kinachohesabiwa ni siku ya kuwasili, na mtu anaweza kushika hadi usiku 15 mfululizo. Kwa hiyo anayewasili Jumanne akalala mpaka Jumapili anaichukua wikendi kabla wewe unayetaka kuingia Ijumaa hujafunguliwa mlango. Usishindane naye. Mwenye kazi ya zamu ana silaha ambayo wa ofisini hana: chagueni Jumapili hadi Jumatano, mwezi wa nane, watu wanapokuwa wanaondoka. Mume wako aombe siku hizo kazini sasa hivi, ndipo wewe uweke nafasi, siyo kinyume chake. Na kama mnazitaka tarehe fulani tu, mfumo una sehemu ya kuomba ujulishwe mtu akifuta. Wanafuta wengi wiki mbili za mwisho, wakishaona utabiri wa mvua.

Shemeji achukue kiwanja chake. Kimoja ni cha familia moja au watu 6, na walinzi wanapita. Tafuteni viwili vinavyopakana, hata kama itabidi msogeze tarehe.

Hema lililoandikwa watu watano linahesabu miili iliyolala bega kwa bega bila begi hata moja. Chukueni la watu 8, lenye kifuniko cha mvua kinachoshuka karibu na ardhi, si kile kikofia kidogo cha juu. Turubai la chini lisitokeze nje ya hema hata kidogo. Likitokeza linakinga mvua na kuileta chini ya magodoro. Vigingi vilivyomo ndani ya boksi ni vya udongo mgumu, huko ni mchanga na vitang'oka kwa upepo wa kwanza. Nunueni virefu na vipana, au fanyeni hivi: jazeni mchanga mfuko wa kitambaa, fungeni kamba ya hema katikati yake, uzikeni futi moja kwenda chini, shindilieni. Huo hautoki.

Usiku, hata Julai, joto hushuka kwenye nyuzi 15 au chini yake. Baridi inayowaamsha watu hutoka chini, si juu, hivyo pesa ya blanketi la ziada wekeni kwenye mikeka minene ya kulalia. Godoro la upepo peke yake ni baridi.

Jiko la mkaa ruksa, nje. Na hapa sitanii. Lisiingie ndani ya hema wala kwenye ukumbi wake wa mbele, hata likiwa limebaki majivu yenye makaa matatu, hata mvua ikinyesha, hata watoto wakitetemeka. Mkaa unaofifia bado unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na mtu aliyelala haamki. Majivu yamwagieni maji mpaka yapoe kabla ya kulala.

Kuni msibebe kutoka Grand Rapids. Mdudu wa kijani anayeua miti ya ash, aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, amesambaa sehemu nyingi za nchi hii kwa kubebwa ndani ya kuni za watu wa kambi. Nunueni hukohuko.

Chakula chote, pamoja na dawa ya meno, kilale ndani ya gari. Rakuni wa pale wanafungua sanduku la barafu wakiwa hawana hata wasiwasi nanyi. Jioni wakagueni watoto kupe, nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Magharibi ya Michigan wapo wale wanaoeneza ugonjwa wa Lyme.

Kiwanja mnakabidhiwa saa tisa alasiri na kukiacha saa saba mchana. Mwisho wa Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku na hata Agosti ni jioni sana, basi msitegemee watoto kulala mapema, na kelele zinatakiwa ziishe saa nne. Kabla ya kuondoka angalieni kibandiko cha namba ya gari. Kikiwa na herufi P, Recreation Passport, yaani kibali cha gari kuingia hifadhi za jimbo, mlishailipia mliposajili gari. Kama hakina, mtalipa getini, na ni ghali zaidi.