Land Rover 109 iliyolala tangu 2004: betri iwe ya mwisho

Mkuu, umeandika kwamba Land Rover 109 Series III ya marehemu baba imelala bandani Muheza tangu 2004, na Jumamosi fundi anakuja na betri mpya aipige stata. Mwache aje, ila betri ibaki dukani. Stata ina nguvu ya kuvunja vitu ambavyo mkono wako ungevihisi na kusimama. Nimefufua moja ya aina hiyo, pikapu ya petroli ya baba mdogo iliyokaa Pangani, na ninayokuambia nimeyashika kwa mikono.

Toa plagi zote nne. Kila silinda mimina oili ya gia boksi otomatiki iliyochanganywa na asetoni nusu kwa nusu, vijiko kadhaa vya chakula, uache siku kadhaa. Gari inapozimwa kuna valvu zinazobaki wazi. Unyevu unaingia kupitia hapo, ringi za pistoni zinashikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Mchanganyiko huo unapenya polepole mahali ambapo oili tupu haifiki. Moto uwe mbali, asetoni inawaka haraka sana.

Kisha chukua hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Gari hizi zimeachiwa tundu lake pale mbele, na kwa kazi hii hakuna kifaa kinachoishinda. Gia iwe nyutro, zungusha taratibu. Ikigoma usiininginie kwa uzito wako wote: isukume mbele kidogo, irudishe, ongeza mchanganyiko, rudi kesho. Ya baba mdogo ilianza kwa kusogea upana wa kidole, na nilijua siku ileile kwamba imepona.

Kabla hujaipa mzunguko kamili, fungua kava la valvu, mmoja azungushe na mwingine aangalie. Valvu iliyoganda ikiwa imefunga itakunja pushirodi, kile kijiti kirefu kinachosukuma roka, mkono mdogo unaoibonyeza valvu. Iliyoganda ikiwa wazi utaijua kwa sababu roka yake inacheza bila kazi. Zote zinyunyizie oili nyepesi, zigonge kidogo kwa mpini wa nyundo ya mbao mpaka zirudi zenyewe. Ukiwa hapo pima nafasi kati ya roka na valvu, milimita 0.25 kwa zote nane.

Oili ya zamani mwaga yote, na utazame kinachotangulia kutoka. Yakitangulia maji mengi, simama hapo utafute yalikopitia. Weka oili ya 20W50 na filta mpya. Inakula zaidi ya lita sita. Betri sasa ina kazi: plagi zikiwa bado nje, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Beringi zinapata oili kabla hazijabeba mzigo wowote.

Sasa petroli, na hapa ndipo wengi wanapochoka. Petroli iliyokaa muda huo inageuka kitu cha kunata chenye harufu ya vanishi, inaziba kila tundu dogo. Tena petroli yenye risasi iliondoka nchi zetu za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo iliyomo humo huenda ni ile ya risasi. Asiinyonye mtu kwa mdomo. Tanki lina nati ya kumwagia chini, itumie. Likiwa limetoboka, asitokee wa kulichomelea hapo bandani: mvuke unabaki humo hata baada ya kuoshwa, na tanki tupu linalipuka vibaya kuliko lililojaa.

Kwa kuwashia mara ya kwanza liache tanki kabisa. Funga mpira mpya kutoka dumu safi mpaka kwenye pampu, dumu likae mbali na egzosi. Kama bado ni pampu yake ya asili, ina kijiti cha kupampu kwa mkono. Pampu nacho mpaka kabureta ijae. Chunguza pia kile kikombe cha kioo, kitakuonyesha uchafu unaokuja. Ngozi ya ndani ya pampu ikiwa imepasuka, petroli hushuka kwenye oili, kwa hiyo nusa kijiti cha kupimia oili kabla na baada ya kuwasha. Ikinuka petroli, zima, mwaga oili, badilisha ngozi.

Kabureta ya Zenith ifungue yote. Jeti, yale matundu madogo ya kupitishia petroli, zipulize kwa upepo wa kompresa, waya usiingie humo maana unapanua tundu. Tazama sana kifuniko cha juu kama kimepinda, kiweke juu ya kioo utaona. Kikipinda gari inakunywa mafuta, inatoa moshi mweusi, na mafundi watakuuzia kila kitu kingine kabla ya kugundua. Pale kwenye filta ya hewa nilikuta kiota cha panya, na nyigu walikuwa wameziba bomba la egzosi kwa udongo.

Moto wa plagi ni rahisi. Pointi za ndani ya distribyuta zisugue kwa msasa laini, nafasi milimita 0.35 mpaka 0.40, plagi milimita 0.75 mpaka 0.80, nyaya zilizotafunwa badilisha. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Rejeta ijaze maji, uchungulie vile vifuniko vya bati ubavuni mwa bloku, vinaoza kutoka ndani.

Ikiwaka utafurahi, na una haki. Lakini haiendi barabarani. Klachi huenda imegandana na flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini: rekebisha kwanza mfumo wa mafuta yanayosukuma klachi, kandamiza pedali kwa ubao uache siku kadhaa, halafu injini ikiwa imezima weka gia kubwa, mkaisukume gari mbele na nyuma mpaka iachie.

Breki ndizo zitakazokula pesa, na sitaki uzipunguze. Kuna silinda ndogo sita, mbili kila gurudumu la mbele, moja kila la nyuma. Mafuta ya breki yanavuta unyevu, kwa hiyo ndani kuna kutu hata kama nje panang'aa. Badilisha sili zote, mipira yote, na masta silinda kama ina mikwaruzo. Nilimwona fundi akijazia oili ya injini humo kwa kukosa mafuta yake. Mipira yote ilivimba na breki zikashika zenyewe. Tumia DOT 3 au DOT 4 tu.

Kabla hujanunua hata sili moja, gonga chesisi yote kwa nyundo, hasa boriti ya nyuma kabisa na mikono inayobeba bodi. Bodi ya alumini haikuonyeshi ukweli, na kwa hewa yetu ya Tanga chuma cha chini kinaweza kuwa karatasi. Ikilia kwa sauti ya kufa, gharama za kuchomelea ndizo uzipigie hesabu mwanzo. Sili na spea nyingine ndogo ukizikosa Tanga, Gerezani, Dar es Salaam, zinapatikana.

Safari ya kwanza iwe fupi, kisha simama uguse ngoma za magurudumu yote manne kwa tahadhari. Moja ikiwa moto kuliko nyingine, kiatu cha breki hakiachii. Ifungue kabla hujaenda mbele.