Dripu ya uchungu: uliza kwanza

Uzazi wa kwanza niliingia leba saa nne usiku, njia imefunguka sentimita 4. Alfajiri nikapimwa tena: 5. "Mama, unachelewa," sista akasema, na dripu ya kuongeza uchungu ikatundikwa. Mna nini ndani yake, sikuambiwa. Uchungu uliokuwa ukija na kuondoka ukawa haunipi hata nafasi ya kumeza mate. Nikaongezwa njia, nikashonwa, na wiki mbili nzima nikawa nakaa upande upande kama abiria wa bodaboda aliyevaa kanga.

Hasira zilinipata baadaye, nilipojua kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unahesabu uchungu kamili kuanzia sentimita 5. Kabla ya hapo, kama mama na mtoto wako salama, hakuna haja ya kuharakisha. Na hata baada ya hapo, kutofikisha sentimita moja kila saa si sababu tosha peke yake. Kumbe usiku ule wote nilikuwa hata sijaanza kuchelewa!

Lakini msinielewe vibaya. Mimba ya pili chupa ilipasuka asubuhi, hadi usiku uchungu hola. Safari hii nilikuwa na maswali yangu: "Sista, kwa nini sasa? Mtoto anaendeleaje? Nikisubiri itakuwaje?" Akanijibu bila kununa kwamba maji yakishatoka, kadiri muda unavyokwenda ndivyo vijidudu vinavyopata njia ya kupanda kwa mtoto. Nikanyoosha mkono mwenyewe.

Dawa ni ile ile ya dripu ya kwanza, inaitwa oksitosini, ila ilianza matone machache ikaongezwa kidogo kidogo, na mapigo ya mtoto yalisikilizwa kila mara. Wifi yangu, aliyeruhusiwa kukaa nami, alishika saa. Ukiwa na mtu, mpe kazi hiyo: uchungu ukizidi mara 5 ndani ya dakika 10, amwite sista haraka. Dripu inapunguzwa au kufungwa.

Sasa ile chupa ya chai ya mama mkwe. Tunaijua wote, na najua kuikataa ni ugomvi wa ukoo. Lakini dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, kisha dripu juu yake, inaweza kupasua kizazi. Kama umeshakunywa, sema, hata sista akifoka. Atafoka, kisha atajua la kufanya. Na kama uliwahi kujifungua kwa upasuaji, litaje kovu lako kabla hujawekewa dawa yoyote, usingoje walione kwenye kadi.

Mtoto alipotoka tu nikaambiwa kuna sindano ya paja. Ni dawa ile ile ya kwenye dripu, ila hapo kazi yake ni kukaza kizazi ili damu isimwagike. Hiyo sikuiulizia swali. Nilitoa paja.